Nyuso za kibluu gazetini: kosa liko kwenye kusafisha picha, si kwenye kamera

Mhariri,

Fungua gazeti lolote asubuhi ya Jumatatu, baada ya wikiendi ya mikutano ya hadhara, harusi na mechi za mchangani, utakutana na nyuso za aina tatu: zilizopauka kibluu kama zimepakwa majivu, zilizoiva rangi ya chungwa, na zile zenye ukijani wa mtu aliyekaa chini ya mwembe. Wenye nyuso hizo ukikutana nao barabarani wana rangi zao za kawaida kabisa. Sisi ni wapiga picha wa kujitegemea, kazi zetu nyingi ni za nje, na tunaandika kwa sababu lawama hupelekwa kwa kamera, au kwa mtambo wa kuchapa, wakati picha nyingi kati ya hizo zingepona kwa dakika tatu kama zingeshughulikiwa zikiwa bado ghafi.

Tuanze na maana ya picha ghafi, yaani RAW, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Sensa ya kamera haijui rangi. Kila kitundu chake kimefunikwa na kichujio kimoja, chekundu, cha kijani au cha bluu, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: katika kila vitundu vinne, viwili ni vya kijani, kimoja chekundu na kimoja cha bluu. Kinachohifadhiwa kwenye faili ni kiasi cha mwanga ulioingia katika kila kitundu, basi. Mizani ya weupe, ule mpangilio wa jua, mawingu au kivuli unaouchagua kwenye kamera, huandikwa pembeni kama maelekezo ya mpishi. Juani, kwa kamera nyingi, maelekezo hayo husema takriban: zidisha nyekundu mara mbili, bluu mara moja na nusu, kijani kiache kilivyo. Karatasi hiyo ya maelekezo unaweza kuichana na kuandika nyingine hata mara mia, na faili halipungukiwi kitu.

JPEG ni chakula kilichokwisha kupikwa. Kuzidisha kumeshafanyika, kontrasti imeshaongezwa, na viwango 16,384 vya kila rangi vya faili la biti 14 vimeshabanwa vikawa 256. Ukitaka kuupasha joto uso wa kibluu kwenye JPEG, unavuta nyekundu ambayo sehemu yake ilishatupwa. Ndiyo maana picha iliyorekebishwa dawati la gazeti kutoka JPEG ya WhatsApp hutoka na uso wa chungwa kwenye mashavu na zambarau chini ya kidevu, vyote kwa pamoja.

Sasa namba. Joto la rangi hupimwa kwa Kelvini. Mshumaa uko karibu na 1,900, taa ya kizamani ya waya kati ya 2,700 na 3,200, jua la saa sita mchana karibu 5,500, anga la mawingu karibu 6,500, na kivuli kilicho wazi chini ya anga la bluu ni 7,500 na kuendelea, wakati mwingine hata 10,000. Neno joto hapa huwachanganya watu, kwa sababu namba kubwa ina maana ya mwanga wenye ubluu zaidi, lakini ukisogeza kitelezi cha joto kwenye programu ya kusafisha picha kuelekea namba kubwa picha inazidi kuwa ya njano. Hakuna mgongano. Kitelezi hicho hakipaki rangi; wewe unaiambia programu mwanga ulikuwa wa namna gani, nayo inatoa kinyume chake. Ukiiambia mwanga ulikuwa wa bluu sana, inaongeza njano.

Jambo jingine ambalo halisemwi: hatua za Kelvini hazilingani. Kusogea kutoka 3,000 hadi 3,300 hubadilisha picha sawasawa na kusogea kutoka 7,500 hadi karibu 9,700. Sababu ni kwamba jicho hufuata kinyume cha namba hiyo: gawa milioni moja kwa Kelvini, ndipo upate kipimo kinacholingana na tunachokiona. Milioni moja kwa 3,000 ni 333, kwa 3,300 ni 303. Tofauti ni 30. Milioni moja kwa 7,500 ni 133, na ukitoa 30 unabaki na 103, ambayo ni karibu 9,700. Kwa hiyo anayesafisha picha ya kivulini akisogeza kitelezi kwa 200 mbele, 200 nyuma, anapoteza muda. Kivulini songa kwa 500 au 1,000. Kwenye taa za ndani songa kwa 50 au 100.

Tena Kelvini peke yake ni nusu ya kazi. Inapima mstari mmoja tu, wa bluu na njano. Mstari wa pili, wa kijani na majenta, ile rangi iliyo kati ya waridi na zambarau, una kitelezi chake, na nje ndiko unakohitajika zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwanga uliopita kwenye majani ya mwembe au mkungu hauko kwenye mstari wa Kelvini hata kidogo. Una kijani cha ziada, na hakuna namba ya Kelvini itakayokiondoa. Anayejaribu kukiondoa kwa kuongeza joto huishia na uso wa rangi ya mzeituni. Chini ya mti weka kwanza mpangilio wa kivuli, kisha sogeza kitelezi cha pili kuelekea majenta kwa 15, 20, hata 30 katika kipimo cha Lightroom, programu ya Adobe ya kusafisha picha, ambacho huenda hadi 150 kila upande.

Utaratibu wenyewe, kwa picha ya mtu aliyepigwa nje kivulini, tunaufanya hivi. Kwanza chagua profaili ya rangi ya kamera, yaani namna programu inavyotafsiri rangi za kamera hiyo, kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu profaili hubadilisha nyekundu na njano za ngozi, na ukiibadilisha mwishoni kazi yote inarudi mwanzo. Pili, inua mwangaza mpaka uso uonekane sawasawa. Hatua hii hurukwa sana kwa watu weusi. Uso ulio gizani hauwezi kuhukumiwa rangi. Kila kitu chenye giza huonekana cha kibluu au cha kahawia kilichokufa, na msafishaji anaanza kutibu ugonjwa usiokuwepo. Tatu, weka Kelvini kwa mpangilio unaolingana na mwanga ulioangukia uso, si ulioangukia uwanja. Nne, kitelezi cha kijani na majenta. Tano, angalia namba.

Namba za ngozi ni rahisi kuliko zinavyotisha. Kadi ya ColorChecker, ile ya viraka 24 iliyoanza kutumika mwaka 1976, kiraka chake cha kwanza ni cha ngozi nyeusi, na thamani zake kwenye sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini, kwa kipimo cha 0 hadi 255, ni karibu 115 kwa nyekundu, 82 kwa kijani na 68 kwa bluu. Kiraka cha pili, cha ngozi nyeupe, ni karibu 194, 150 na 130. Tazama mpangilio: kwa wote wawili nyekundu ndiyo kubwa, kijani kinafuata, bluu ndiyo ndogo. Watu hutofautiana, na hatusemi kila shavu lisomeke 115. Ila bluu ikifikia kijani au kukipita, uso umekuwa wa majivu. Kijani kikiikaribia nyekundu, uso umekuwa mgonjwa. Bluu ikishuka hadi nusu ya kijani kwenye mwanga wa kawaida wa mchana, umeupika kupita kiasi.

Na usome wapi? Si kwenye paji la uso linalong'aa. Ngozi nyeusi inapong'aa, ule mng'ao ni taswira ya anga lenyewe, kama kioo. Juani utakuwa mweupe, kivulini utakuwa wa bluu, na hivyo ndivyo unavyotakiwa uwe. Anayepima kwenye mng'ao ataongeza joto mpaka mng'ao uwe wa krimu, na mashavu yatakuwa yameshageuka matofali. Pima pembeni mwa shavu, chini ya jicho, mahali pasipong'aa, na chukua wastani wa eneo la angalau pikseli tano kwa tano. Pikseli moja huweza kuwa ni kelele tu, yaani chembe ya rangi isiyo ya kweli.

Watu wa zamani watakumbuka kwamba shida hii haikuanza na dijitali. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha ziliweka sawa rangi za mashine kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley, na kila uso mwingine ukalazimika kufuata. Leo hakuna kadi ya namna hiyo inayotulazimisha. Ni mazoea tu ya kubonyeza kitufe cha otomatiki.

Kitufe hicho kinakosea kwa sababu inayoeleweka. Njia yake ya msingi ni kudhani kwamba rangi zote za picha zikichanganywa zitatoa kijivu. Piga picha ya wachuma chai Mufindi au Kericho, theluthi mbili za picha ni kijani. Mashine inaona kijani kimezidi, inakitoa, na wachumaji wanageuka wa zambarau. Piga mkutano ambao watu wote wamevaa fulana za rangi moja, itatokea vivyo hivyo kwa rangi iliyo kinyume. Mfano tunaoupenda ni tembo wa Tsavo. Ni wekundu kweli, kwa sababu hujipaka vumbi la udongo mwekundu wa kule. Otomatiki huwaona wekundu pamoja na ardhi nzima, inatoa wekundu, na unabaki na tembo wa kijivu aliyesimama kwenye udongo wa saruji. Kamera za kisasa zimeerevuka, zinatambua nyuso na mandhari, lakini bado hubadilisha maamuzi kutoka picha moja hadi nyingine. Mzungumzaji ameinua mkono wenye shuka jekundu, Kelvini zinaruka, ameushusha, zinarudi. Ndiyo maana kwenye tukio la nje tunashauri kamera iwekwe mpangilio wa jua, au 5,500 kabisa, na iachwe hapo siku nzima. Picha za kivulini zitaonekana za bluu kwenye kioo cha kamera, ndiyo, lakini zote zitakuwa za bluu kwa kiwango kinacholingana, na marekebisho ya moja utayanakili kwenye mia mbili nyingine kwa mara moja.

Wengi wanajua kile kidondoshi kama cha dawa ya macho: unabofya kitu cheupe, programu inasawazisha. Wasichojua ni kwamba vitu vyeupe vingi vinadanganya. Karatasi ya kuchapia ya ofisini ina kemikali za kung'arisha zinazofyonza mionzi isiyoonekana ya jua na kuitoa kama mwanga wa bluu. Ukiibofya nje, picha inakuwa ya njano. Kanzu na mashati ya shule ni hivyo hivyo, kwa sababu sabuni za unga zina kemikali hizo, na nyumba nyingi huongeza buluu ya kufulia juu yake. Weupe wa macho na meno si weupe. Macho yana wekundu, meno yana njano. Mabati mapya ni kioo cha anga. Ukuta wa chokaa ulio karibu na ardhi umeshapakwa wekundu na udongo unaoakisi jua.

Kinachofaa ni kadi ya kijivu, na kama hakuna, tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile nyembamba wanayozungushia nyuzi za mabomba. Imetengenezwa kwa PTFE, dutu inayorudisha rangi zote karibu sawasawa, na haina king'arisha. Ni nyembamba, inapitisha mwanga, kwa hiyo ikunje tabaka nyingi juu ya kipande cha kadibodi nyeupe mpaka isionekane kitu nyuma yake. Kwa bei ya tepu moja unapata kipimo kinachoshinda shati lolote.

Lakini hata kadi nzuri hudanganya ikishikwa vibaya. Ishike mbele ya uso wa mhusika, ielekee kamera, iwe imesimama wima. Ikilala kuelekea juu inasoma anga, na utaongeza njano isiyohitajika. Ikiinamia chini inasoma udongo, na utaondoa wekundu wa haki. Mwanga ukibadilika, yaani wingu limepita, mgeni rasmi ametoka juani kuingia kwenye hema, piga kadi tena. Na usibofye kiraka cheupe kabisa cha kadi. Bofya kile cha kijivu kinachokifuata, maana cheupe chenyewe huenda kimeungua.

Kuungua kuna sheria zake. Juani vitundu vya kijani ndivyo hujaa kwanza. Kijani kikigota kwenye kikomo na nyekundu na bluu zikaendelea kuzidishwa, mawingu na mchanga wa pwani hutoka vya waridi. Programu nyingi hulificha hilo kwa kukata zote tatu kwa usawa, na unapata weupe mtupu usio na kitu ndani. Hapo mizani ya weupe haiwezi kukusaidia, hakuna kilichoandikwa. Kwenye harusi ya watu wa kanzu saa saba mchana, punguza mwangaza theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu) kabla ya kupiga, na uso uuinue baadaye. Ila jihadhari na histogramu ya kamera, ile grafu ya mwangaza: hutengenezwa kutoka JPEG ndogo iliyokwisha kupikwa, hivyo inaweza kukuonyesha nyekundu imegota kwenye shuka la Kimasai wakati kwenye faili ghafi bado ina nafasi.

Tuje kwenye mzizi wa malalamiko yetu, nao ni mwanga mchanganyiko. Picha ya kawaida ya ukurasa wa mbele ina kiongozi aliyeketi kivulini, na nyuma yake umati uko juani. Uso uko kwenye 7,500, umati kwenye 5,500. Hakuna namba moja inayowafaa wote. Ukiweka 5,500 kiongozi ni wa majivu. Ukiweka 7,500 umati umekuwa wa manjano kama umemwagiwa mafuta ya mawese. Wasafishaji wengi huweka 6,500 wakaridhika kwamba wamegawana, na matokeo yake pande zote mbili zimeharibika.

Njia sahihi ni kusawazisha picha nzima kwa uso, kisha kushughulikia kilicho nyuma kwa maski, yaani kuteua sehemu hiyo peke yake ili marekebisho yaiguse yenyewe tu. Kwenye Lightroom na Camera Raw amri ya kumchagua mtu hufanya kazi nzuri. Igeuze, ili maski iwe juu ya mandhari, na shusha joto ndani yake. Angalizo: ndani ya maski kitelezi hakiko tena kwenye Kelvini, kinatoka 0 kwenda upande wowote hadi 100, na kwa tofauti ya kivuli na jua mara nyingi hutahitaji zaidi ya -10 hadi -25. Lainisha ukingo. Maski yenye ukingo mkali huacha utepe wa bluu kuzunguka nywele, na huo huonekana hata kwenye karatasi ya gazeti. Usiondoe tofauti yote. Jicho la msomaji linajua kwamba kivuli ni cha baridi kidogo kuliko jua, na ukivilinganisha kabisa, kiongozi anaonekana kama amekatwa kwingine akabandikwa.

Udongo mwekundu una kesi yake ndogo. Mtu akisimama juani kwenye uwanja wa udongo, mwanga unaorudi kutoka chini hupaka wekundu kidevu, shingo na chini ya pua, huku paji la uso likiwa sawa. Maski ya brashi chini ya taya, joto lipungue kidogo, ujazo wa rangi, yaani ukolezi wake, upungue kwa 10 hadi 15. Na mpiga picha akiwahi, atandike kanga nyeupe au turubai jeupe miguuni pa mhusika, kazi yote hiyo haipo.

Hema za rangi ndizo adui mkubwa, na hapa tutasema ukweli usiopendeza. Mwanga uliopita kwenye turubai la bluu umenyang'anywa nyekundu. Programu ikizidisha nyekundu mara nne au tano ili uso urudi, inazidisha na kelele, na uso unatoka na chembechembe kama mchanga. Picha nyingi za namna hiyo hazirudi zote, hata kwa mjuzi. Mpeleke mhusika ukingoni mwa hema, hatua moja ndani, akitazama nje, ili mwanga wa uwazi umwangukie usoni. Au tumia flashi, ambayo iko karibu na 5,500, ikiwa na nguvu ya kutosha kushinda turubai, na usawazishe kwa flashi. Ikishindikana yote, ichapwe nyeusi na nyeupe. Hakuna aibu.

Kuna rangi ambazo hazihusiani na mizani ya weupe kabisa, na watu huharibu picha nzima wakizifukuza. Maua ya jakaranda ya Nairobi, yale ya Oktoba, macho yanayaona ya zambarau lakini kamera nyingi huyatoa ya bluu, kwa sababu vichujio vya sensa havihisi mwanga kama jicho. Usiguse Kelvini. Nenda kwenye vitelezi vya rangi mojamoja, chukua bluu na zambarau, zisogeze kuelekea majenta kidogo kidogo. Shuka jekundu lililopoteza mikunjo yake na kuwa bapa kama limechorwa limezidi uwezo wa sRGB. Punguza ujazo wa nyekundu kwa 10 hadi 20, mikunjo itarudi. Suti nyeusi za kitambaa cha sintetiki zinazogeuka rangi ya damu ya mzee huwa zimeakisi mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini sensa inaihisi. Leica M8 ya mwaka 2006 ilisifika vibaya kwa hilo hadi kampuni ikawapa wateja vichujio vya mbele ya lenzi. Vichujio vizito vya kupunguza mwanga, vile vya bei nafuu, hupitisha infraredi hiyo hiyo na kupaka picha ukahawia. Ukungu wa bluu kati yako na Kilimanjaro ni hewa, si mizani. Ukiuondoa kwa kuongeza joto, theluji inakuwa siagi. Tumia kitelezi cha ukungu, kidogo.

Na machweo yaachwe. Anayebofya kidondoshi kwenye wingu la machweo ili liwe jeupe ameifuta picha. Weka 5,200 au 5,500, Kelvini za mchana, na jua linalozama litabaki lilivyoonekana.

Kuhusu programu tutapita haraka. Lightroom inalipiwa kila mwezi. RawTherapee na darktable ni za bure na zinatosha kabisa. Kwenye darktable kuna mtego: toleo la 3.4, lililotoka Desemba 2020, lilileta moduli ya pili ya kazi hii, na ile ya zamani inatakiwa iachwe kama programu ilivyoiweka, marekebisho yote yafanywe kwenye ile mpya. Ukizigusa zote mbili umesawazisha mara mbili, na programu yenyewe hutoa onyo. Kwenye simu, kamera yenye hali ya kitaalamu huweza kuhifadhi DNG, aina ya faili ghafi iliyoanzishwa na Adobe mwaka 2004, na Snapseed hulifungua bila malipo. Faili moja la pikseli milioni 12 lisilobanwa ni kama megabaiti 24, kwa hiyo pangeni bando.

Skrini nayo. Mtu anayesafisha picha usiku, simu yake ikiwa kwenye ile hali ya njano ya kulinda usingizi, ataipooza picha bila kujua, na asubuhi kila uso ni wa kibluu. Izime. Kompyuta iwekwe kwenye 6,500, mwangaza wa skrini kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, na usikae mbele ya ukuta wa pinki. Kisha hakikisha unatoa picha kwenye sRGB. Picha iliyotolewa kwenye Adobe RGB au ProPhoto, mifumo yenye rangi pana zaidi, ikifunguliwa na programu isiyosoma profaili, inaonekana imepauka, ngozi imekufa, na mtu wa dawati anadhani mizani imekosewa. Anaongeza joto na ujazo. Mtu wa pili anaifungua kwenye programu inayosoma profaili, anaona uso wa moto, anaupunguza. Tumeona picha zilizopitia mikono mitatu ya namna hiyo, na huzijua kwa michirizi yake kwenye anga.

Karatasi ya gazeti nayo ni ya kijivu yenye umanjano, inanyonya wino, na nukta hutanuka zikigusa karatasi. Jumla ya wino nne kwa uchapaji wa namna hiyo huwekewa kikomo cha karibu asilimia 240. Uso mweusi uliobaki na ubluu hupata wino wa samawati mwingi, na samawati ndiyo inayoua nyekundu. Ongeza kutanuka kwa nukta, ndipo unapopata yale majivu. Kwa hiyo picha inayoonekana ya baridi kidogo tu kwenye skrini itakuwa mbaya zaidi ikitoka mtamboni. Kwa picha za gazeti tunapendelea uso uwe na joto kidogo zaidi ya inavyopendeza kwenye skrini, na uwe na mwangaza zaidi pia, ili kivuli cha shavu kisizibe.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni la utaratibu tu. Kwa picha ya ukurasa wa mbele na za katikati, pokeeni faili ghafi au DNG pamoja na JPEG, litumwe WhatsApp kama hati na si kama picha, maana likitumwa kama hati halibanwi. Mpiga picha aweke mbele fremu moja ya kadi ya kijivu, hata kama kadi yenyewe ni tepu ya fundi bomba. Kwenye maelezo, baada ya jina na mahali, aandike neno moja la mwanga: juani, kivulini, chini ya mti, ndani ya hema, na rangi ya hema. Mtu wa dawati akiliona neno hilo anajua aanzie 5,500 au 7,500, na anajua kama ahangaike na majenta au asihangaike.

Wapiga picha wa kujitegemea,
Dar es Salaam